Mastulah wa Rubondo na Manowari Bihogo

Mastulah binti Twaibu alikamatwa kwa kosa la kumiliki manowari. Msomaji asidhani kwamba natia chumvi. Ndivyo alivyoambiwa na watu waliokwenda kumchukua Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka wa themanini na nne, mbele ya wanawake waliokuwa wamepanga madebe yao kisimani: kwamba ofisi ya makazi imepata habari za merikebu za vita, za mizinga na baruti, na za nahodha mmoja anayengoja upepo ili aingie bandarini kwa nguvu, na kwamba yeye, Mastulah, ndiye anayejua mipango yote ya nahodha huyo. Kutoka pale waliposimama, maji pekee yaliyoonekana yalikuwa ziwa la Nakivale, lililolala kimya na viboko wake katikati ya vilima vikavu. Hapakuwa na mtu kisimani aliyewahi kuiona bahari. Waliomkamata nao hawakuwahi kuiona. Hata hivyo walimpandisha nyuma ya gari, wakampeleka Mbarara kwenye kambi ya jeshi, naye akaondoka na kipimio chake cha ushonaji kikiwa bado kinaning'inia shingoni.

Inafaa kueleza mwanamke huyu alikuwa nani, kwa sababu waliompa jina la adui hawakujishughulisha kuuliza.

Alizaliwa Mbarara, nyuma ya soko, katika nyumba ambayo kila asubuhi ilisikia adhana na cherehani. Babu yake alitoka Rwanda kutafuta kazi, wakati ambapo mpaka ulikuwa mto tu na mtu alivuka akiwa amekunja suruali. Baba yake, Twaibu, alishona kanzu; mama yake alikuwa Mnyankole wa hapo hapo. Mastulah alisoma hadi darasa ambalo wasichana wengi wa wakati wake hawakulifikia. Huko alikaririshwa vita vya Napoleoni: nani alimzingira nani, bandari zipi zilifungwa, merikebu zipi ziliungua. Watoto wa Ankole walichapwa viboko kwa kusahau majina ya rasi za Ulaya, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewaambia mto Rwizi, unaopita chini ya shule yao, unakwenda wapi. Elimu ya namna hiyo ilikuwa dhuluma, nami nitasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini Mastulah alikuwa na kipaji cha kula hata mawe yakaiva tumboni. Wenzake walipokariri vita vile na kuvitapika siku ya mtihani, yeye alibaki na merikebu. Alipokuwa akipinda pindo la kanzu, kitambaa cheupe kimemfunika magoti, alisema kwamba alihisi upepo ukiingia chini yake na kiti kikianza kuinuka taratibu, na cherehani ikilia kama kamba zinazovutwa juu ya mlingoti.

Ndoto hiyo ilikatizwa Oktoba ya mwaka wa themanini na mbili. Watu wenye marungu na amri walipita mtaa kwa mtaa na kilima kwa kilima, wakichagua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni kwa kuangalia urefu wa pua. Mastulah, mjane mwenye binti mdogo aitwaye Madinah, aliambiwa arudi kwao. Alipojibu kwamba kwao ni hapo waliposimama, walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa mabati. Aliliona anga likiingia chumbani kwake kipande kwa kipande. Alifika Nakivale na mkasi, kipimio na mtoto, akapewa kiwanja Rubondo, na tangu siku ile akaitwa mkimbizi katika nchi aliyozaliwa.

Jirani yake alikuwa mzee Nasani, mfugaji. Juma lile lile, vilimani, ng'ombe wake walikuwa wameswagwa na watu aliowafahamu kwa majina. Hakulia wala hakulaani, alinyamaza tu. Alikaa kando ya kibanda akiutazama upande wa machweo, na jioni, saa ambayo ng'ombe hurudi zizini, aliinuka akasogea kando ya njia ili kuwapisha. Alisimama hivyo, fimbo mkononi, mpaka vumbi ambalo yeye peke yake aliliona lilipotulia. Kisha alikaa tena. Binti yake, Enid, alimwambia Mastulah kwamba miezi inapita bila tofauti, na sauti ya baba yake ameanza kuisahau.

Enid alikuwa amepata kipande cha kitambaa, akamwomba Mastulah amshonee mzee shati. Mastulah alipokuwa akimpima mabega alishindwa kuvumilia ule ukimya, akaanza kusimulia jambo lolote lililomjia mdomoni. Lililomjia lilikuwa manowari. Alisimulia kwamba zamani, Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakipigana kila penye maji, ilikuwapo manowari moja ya mbao za rangi nyekundu iliyokoza, karibu na weusi, ambayo ilipogeuka juani ubavu wake ulimeremeta kama uliopakwa siagi.

Nasani aligeuza shingo. Sauti ilitoka imekwaruza, kama mlango wa zizi la zamani.

"Pembe zake zimekaaje?"

Mastulah hakucheka, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wake. Alifikiri, kisha akajibu kwamba mbele, kwenye omo, umetoka mti mrefu uliopinda kidogo kuelekea juu, na milingoti yake mitatu imesimama imeachana vizuri, hakuna unaouchoma mwingine.

"Basi hiyo ni Bihogo," mzee alisema. Hilo ndilo jina ambalo wafugaji wa pande hizi humpa ng'ombe wa rangi ile. Na manowari ya mfalme wa Uingereza ikapata jina lake la kweli katika kibanda cha Rubondo.

Habari zikaenea. Kila Jumamosi alasiri watu walikusanyika katika darasa la shule ya msingi: Wanyarwanda waliofukuzwa vilimani, Wanyankole wa jirani, wachuuzi waliopita kutoka soko la Misiera. Mastulah alisimulia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna aliyekuwepo aliyeweza kudai kuwa ni yake peke yake. Wasikilizaji hawakukaa kama wanafunzi. Wafugaji walikuwa na desturi ya kuwasifu ng'ombe kwa mashairi ya vita, wakimwita huyu mvunja safu na yule mpasua ngao. Sasa sifa zile, zilizokuwa zimebaki bila wenyewe, zilipata pa kwenda. Merikebu ya adui ilipotokea kwenye ukungu, mtu alisimama akausifu ubora wake bila chuki, kwa maana ng'ombe mzuri ni mzuri hata akiwa wa jirani. Mabomu yalipovunja mlingoti wa Bihogo, wanaume wazima waliinamisha vichwa kama waliosikia pembe ikikatika.

Siku moja kijana mmoja aliuliza kundi la manowari za Wafaransa lilikuwa la merikebu ngapi. Chumba kizima kilimgeukia. Nasani alimwuliza kama mama yake humhesabu yeye na ndugu zake kwa kidole. Katika desturi yao, kuhesabu mifugo iliyo hai ni kuiitia kifo. Mwenye ng'ombe hujua nani hayupo kwa kuliona pengo, hajui kwa tarakimu. Mastulah aliipokea sheria hiyo. Tangu siku ile hakuna merikebu iliyohesabiwa Rubondo. Makundi ya manowari yalitambulishwa kwa rangi zake, kwa sauti ya mizinga yake, kwa namna yalivyofunika kilima cha maji kutoka huku hadi kule, mpaka msikilizaji alipofumba macho aliyaona yakishuka polepole kuelekea kunywa.

Na kisa chenyewe kilikuwa hiki. Nahodha wa Bihogo, jina lake Tobiasi, alikuwa mtoto wa msuka kamba. Katika pigano moja aliokoa majeruhi wa pande zote mbili, Waingereza na Wafaransa, akawalaza pamoja chini ya sitaha. Kwa kosa hilo akafungiwa bandari zote. Bandari za Wafaransa zilimwambia: hawa ni Waingereza. Za Waingereza zikamwambia: hawa ni Wafaransa. Bihogo ikazunguka baharini mwaka baada ya mwaka, matanga yamechakaa yakashonwa kwa nguo za waliokufa, watoto wakazaliwa ndani yake wasiojua udongo ukoje. Wakati mwingine upepo ulikufa kabisa, na merikebu ikasimama juu ya maji laini kama maziwa, na kila mtu melini akaota ndoto moja: kwamba amelala katika nyumba yake, na mtu anagonga mlango ili kumwita ale.

Watu wa Rubondo hawakuhitaji kuelezwa. Wengi wao waliwahi kukwama mpakani, nyuma yao wanaowafukuza, mbele yao wanaowakataa. Walichotaka ni kimoja tu: Bihogo iingie bandarini. Nasani alilitaka jambo hilo kuliko chakula. Alianza kuzungumza na Enid, akaanza kula, hata akamtania Mastulah kwamba fundi wa kanzu asiyejua kukamua hawezi kuaminiwa na chombo cha namna hiyo. Lakini kila alipomwomba aifikishe, Mastulah alikataa. Alisema hajaiona bandari ya kuiingiza. Angeweza kubuni ngome yenye wakubwa wema, ila angekuwa anamdanganya mtu ambaye amekwisha kudanganywa na wakubwa.

"Nimengoja," mzee alimwambia. "Nitangoja tena. Lakini usinipe zizi la uongo."

Ndipo mtu akaenda kushitaki ofisini. Sijui ni nani, na simtafuti. Alipeleka habari kwamba Jumamosi watu hukusanyika kusikia vita, kwamba manowari zinaitwa kwa majina ya siri, na kwamba anayeuliza idadi yake hunyamazishwa. Nchi ilikuwa vitani wakati huo, na vijana wa makazi walishukiwa kwa kila kitu. Lakini shaka si ushahidi, na ofisi ambayo watu hawa walikuwa chini yake ingeweza kutembea hadi darasani, ikakaa kwenye benchi, ikasikiliza. Haikufanya hivyo. Iliona wepesi kuita gari la jeshi.

Kambini Mbarara alihojiwa na Sajenti Obita, mtu wa kaskazini, mwenye Kiswahili cha jeshi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Mastulah alinieleza mahojiano yale kwa utulivu, kama anayesimulia mvua ya zamani. Sajenti alitaka kwanza kujua watu wa migomba wanatafuta nini baharini. Kisha akaja kwenye hoja.

"Mama, hii manowari yenu iko ngapi?"

"Hazihesabiwi, afande."

"Mimi nauliza wewe vizuri. Iko ngapi?"

"Ningekuwa na hesabu ningekupa. Wenyewe wamekataa nisihesabu. Wanasema zitakufa."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenye ng'ombe."

Sajenti aliweka kalamu chini. Alimwambia kwamba amehoji wezi, waasi na wachawi, lakini hajawahi kupewa jeshi la majini linalokula majani. Akamwamuru aeleze yote tangu mwanzo. Mastulah akaanza pale pale kwenye mbao nyekundu, na jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Alipofika pale upepo ulipokufa, Obita alimwuliza watu wale walikunywa maji gani. Halikuwa swali la mhoji.

Hakuachiliwa siku ile wala juma lile. Alizuiliwa, bila mashtaka, mpaka msimu wa mvua ukaisha. Wake wa askari walimkuta akifua uani, wakamwomba awasimulie, naye akawasimulia. Na huko kambini, miongoni mwa wanawake ambao waume zao walipelekwa mapiganoni bila kurudi, Bihogo ilipata wasikilizaji waliojua maana ya kutazama upeo wa macho. Hatimaye alirudishwa Nakivale kwa sharti. Darasa lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na amri ilikuwa imetangazwa: marufuku watu kukusanyika Rubondo kumsikiliza Mastulah binti Twaibu, mahali popote, kwa lugha yoyote.

Alimkuta Nasani kitandani. Enid alieleza kwamba tangu darasa lifungwe mzee alirudi kwenye ukimya wake, na jioni hainuki tena kupisha ng'ombe. Kifua kilikuwa kimejaa. Pumzi ilikuja kama ya mtu anayevuta kamba nzito. Alipomwona Mastulah alimwuliza jambo moja tu, kama imefika. Mastulah akamwambia bado.

Ilibidi apelekwe zahanati, ng'ambo ya Misiera. Gari halikupatikana, kwa hiyo wanaume wakaleta machela ya kusukwa kwa matete, ile ambayo Wanyarwanda huiita ingobyi na Wanyankole engozi. Mgeni hajui uzito wa chombo hicho. Pande hizi, mgonjwa akibebwa, njia ni yake. Mfanyabiashara hupisha, ng'ombe hupishwa, na mwanamume anayekutana na machela hupaswa kuweka bega chini ya mti wa machela, hata kama mgonjwa ni adui yake, kabla ya kuendelea na safari. Na watu hufuata nyuma. Hakuna aliyewahi kuwakataza.

Nilikuwa miongoni mwa wabebaji, kwa hiyo naandika nilichokiona. Tuliondoka asubuhi, ukungu bado umelalia ziwa. Mastulah alitembea kando ya kichwa cha mzee. Hatukuwa tumefika mbali aliposikika akisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba asubuhi hiyo Tobiasi aliamka akaiona nchi kavu. Nyuma yetu minong'ono ilikoma. Machela iliyumba kwa hatua zetu, kushoto na kulia, ikikata maji yasiyokuwapo. Vilima vilitoka kwenye ukungu kimoja kimoja kama visiwa. Na mimi, ambaye nimesoma na siamini mambo ya ndoto, nilihisi ardhi ikilainika chini ya miguu. Mastulah alisema upepo ulikuwa umekufa mbele ya bandari ile. Mizinga ya ngome ilikuwa imeelekezwa. Tobiasi akaamuru mashua zishushwe, zifungwe kamba, na wote wenye mikono wapige makasia waivute Bihogo wenyewe, wagonjwa ndani yake, polepole, mchana kweupe, bila bendera yoyote.

Kabla ya Misiera palikuwa na kizuizi cha askari. Kilikuwa kipya, kiliwekwa siku zile zile. Aliyesimama mbele ya gogo alikuwa Sajenti Obita.

Aliuangalia umati. Akamwona Mastulah. Alijua amri, kwa sababu yeye ndiye aliyemsomea. Sisi tulisimama, mti umetuchoma mabega, na hakuna aliyethubutu kukohoa isipokuwa mgonjwa. Obita alimwuliza kama anasimulia. Mastulah angeweza kukana, na umati wote ungeapa naye.

"Nasimulia, afande."

"Imefika wapi?"

"Imefika mbele ya ngome. Mizinga imeelekezwa."

Askari wake wadogo walikuwa wakimtazama. Obita aliitundika bunduki yake kwenye bega la pili, akamgusa mbebaji aliyekuwa mbele yangu ampishe, akaweka bega chini ya mti. Gogo likaondolewa. Tuliposonga, alisema bila kugeuka, kwa hasira kama anayetoa amri, "Mama, endelea."

Mastulah alitembea akilia, kisha akasema kwamba mpiga mzinga wa ngome ile, mwenye moto mkononi, aliwatazama watu wale wakivuta, akauzima moto ndani ya ndoo. Akashuka ngazi. Akaingia majini na buti zake, akashika kamba. Wakubwa walikuwa wakipiga kelele juu ukutani, na sauti zao hazikufika chini. Ndivyo Bihogo ilivyoingia. Haikufunguliwa mlango na aliyeufunga. Ilivutwa na mikono iliyokuwa imeagizwa kuizuia.

Nasani alikuwa amefumba macho. Tulidhani amelala.

"Wameikamua?" aliuliza.

"Wanaikamua sasa, baba," Mastulah alijibu. "Povu limefika ukingoni."

Alicheka, kicheko kidogo kilichomletea kikohozi, akasema kwamba fundi wa kanzu hatimaye amejifunza. Alifariki zahanati siku chache baadaye, akizungumza na binti yake hadi mwisho.

Sasa nageukia wahusika, nao wanajijua. Mwaka huu ni wa themanini na saba. Serikali imebadilika, bendera za vyama zimebadilika, lakini kufuli liko pale pale kwenye mlango wa lile darasa, na amri ile haijafutwa na yeyote. Nimekwenda ofisini kuuliza, nikaambiwa aliyeitoa amehamishwa; nikamfuata alikohamishiwa, nikaambiwa amri ni ya ofisi, si yake. Mastulah anashona Rubondo, na watu humsikiliza wakitembea, kama wezi.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mlioifunga shule na ninyi mnaoendelea kuifunga kwa kukaa kimya: fungueni mlango ule. Njoni Misiera siku ya soko, msimame mbele ya watu, mtamke kwa Kiswahili kwamba Mastulah binti Twaibu hakuwa na kosa, kwamba alizuiliwa bila haki, na kwamba watu wa Rubondo wana ruhusa ya kuketi na kusikiliza wanachotaka. Na ninyi wa Mbarara mnaolala chini ya mabati yake, na ninyi wa vilimani mnaokamua ng'ombe wa Nasani, mnajulikana kwa majina. Mrudishieni mwanamke nyumba yake. Mrudishieni Enid ng'ombe wa baba yake. Msitutumie tume, wala msituulize tena tunatoka wapi. Rudisheni, mchana, watu wakiona.